Wanaosema Schiele Hakujua Kuchora

Michoro ya Egon Schiele, msanii wa Austria aliyezaliwa mwaka 1890, haikosi watu wa kuilaumu, na lawama ni zilezile. Nazijibu kwa sababu naipenda kazi hii na naona inaonewa.

Kwanza husemwa hakujua mwili wa binadamu: mbona viwiko vimechongoka na vidole vimerefuka kupita kiasi? Schiele aliingia Chuo cha Sanaa cha Vienna mwaka 1906, akiwa na miaka 16, na huko wanafunzi walichora sanamu za plasta na watu walio hai mpaka mkono ukazoea. Michoro yake ya wakati huo ipo, na vipimo vyake vimetulia. Alipoondoka mwaka 1909 alijua vizuri anaacha nini. Tazama mstari wa mgongo katika michoro yake ya penseli ya 1913 na 1914: unashuka mwembamba, unakolea penye nyonga, unakatika, kisha unaanza tena pale hasa mfupa unapopita. Asiyeujua mwili angepotea hapo. Tena waliomwona akichora walishuhudia kwamba hakutumia raba.

Halafu eti michoro haijakamilika. Ni kweli, mara nyingi kiti hakionekani, mkono umeishia kwenye kiwiko, na nyuma ni karatasi tupu. Lakini aliitia sahihi, akaandika mwaka, akaiuza hivyo hivyo. Kiti kikiondolewa, aliyeketi anabaki akining'inia, na jicho letu halina pa kukimbilia ila kwenye mwili wenyewe. Chora sakafu na pazia, na wasiwasi wote ule umekwisha.

Kwamba penseli ni maandalizi tu ya rangi? Rangi aliipaka baadaye, mtu aliyemchora akiwa keshaondoka. Mstari ndio uliokwisha kusema.

Wengine huiita michafu. Mwaka 1912 Schiele alikaa mahabusu siku 24, na hakimu akachoma mchoro wake mmoja mahakamani. Kuwachora watoto wakiwa uchi, kama alivyofanya, ni kosa, wala simtetei kwa hilo. Ila lawama hiyo isibebeshwe kila karatasi aliyoigusa. Katika ile aliyojichora mwenyewe, amekonda na mabega yamempanda, naona hofu, sioni ashiki.

Ukikutana na mchoro wake, usianze kwa kuuliza kama umefanana na mtu. Anzia begani, ufuate mstari hadi kwenye vidole, ndipo uhukumu.