Chai nayo imepandishwa kwa kisingizio cha kahawa



Jambo hili limenikuta jana, na hadi naandika hapa hasira haijaniisha.

Dada yangu mkubwa alikuwa ametoka kliniki kutibiwa magoti, mvua ikatukuta mjini Moshi. Benchi la kijiweni haliwezi, basi tukaingia kwenye mgahawa mmoja wa kahawa, yeye, mjukuu wangu na mimi. Tukaagiza kahawa mbili za maziwa na chai moja ya tangawizi. Bili ikaja Sh21,240. Nikadhani wamekosea meza. Kumbe kahawa ni Sh6,500 kila moja, chai Sh5,000, na juu yake asilimia 18 ya VAT ambayo menyu haikuitaja popote. Nauli ya kurudi nyumbani alinilipia dada, kwenye hela yake ya dawa.

Kwenye menyu bei zilikuwa zimebandikwa vikaratasi vyeupe. Nikabandua kimoja kwa kucha. Chini yake kahawa ni Sh4,500. Nikabandua cha chai: Sh2,500. Binti aliyetuhudumia, mwenye adabu zake, akaniambia, "Shikamoo babu, kahawa imepanda dunia nzima."

Hilo silikatai. Nina mibuni kihambani Kibosho, na najua jinsi ukame wa Brazil na Vietnam ulivyopandisha bei hadi arabika ikavunja rekodi mapema 2025. Lakini kikombe kimoja kinakula gramu 15 hivi, kwa hiyo kilo inatoa vikombe zaidi ya 60. Hata kilo ikipanda kwa Sh10,000, kila kikombe kinaongezeka kama Sh150. Hizi Sh2,000 ni za nini? Na chai je? Majani yanatoka Mufindi na Rungwe, tangawizi inalimwa hapo Same. Ukame wa Brazil umeihusu vipi hadi bei iwe mara mbili?

Inaniuma kwamba kahawa tunaichuma sisi, tunaimenya, tunaianika, halafu kuinywa mjini kwetu hatuwezi. Waheshimiwa hawalioni hili kwa sababu kila kikao chupa za chai zinawasubiri mezani, na sambusa zake, kwa kodi yetu.

Naomba mamlaka zinazohusika zipite kwenye migahawa hii zikague bei. Na kila mgahawa uandike bei kamili, kodi ikiwa ndani, pale mlangoni, mtu aisome kabla hajakaa.

Mwalimu mstaafu na mkulima,
Kibosho, Moshi