Usimpe mtoto kazi ya kulea mtoto

Mjini Goma na Bukavu, mama anayeondoka asubuhi kwenda sokoni ao kazini anahitaji mtu wa kubaki na watoto. Familia nyingi zinachukua msichana wa miaka 12 ao 13 toka kijijini, kwa sababu mshahara wake ni mdogo na halalamiki.

Tuseme wazi: huyo si mlezi, ni mtoto mwingine nyumbani. Mchanga akishikwa na homa kali, ao akianguka karibu na mbabula, binti huyo atafanya nini?

Sheria ya Januari 10, 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inakataza kumpa kazi aliye chini ya miaka 16. Na masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu 2019.

Tafuta mtu mzima. Uliza kule alikotumika mbele. Siku za kwanza baki naye nyumbani, uone namna anavyomshika mtoto. Mpatane mshahara na siku ya kupumzika. Ukikosa uwezo, pokezaneni zamu na shangazi ao jirani.

Na kama binti huyo yuko kwako tayari, mwandikishe shuleni.