Siyo uvivu, ni kukata tamaa

Makamanda, leo tuambizane ukweli.

Juzi usiku nilikaa kijiweni na rafiki yangu. Ana digrii, anaendesha boda ya mkataba. Hesabu ya bosi aliitupa kwenye mkeka, mkeka ukachanika. Akaniambia, "Kaka, wiki ya tatu hii silali." Nikakumbuka hotuba tunazopigwa kila siku: vijana wavivu, wanachagua kazi, wanapenda mteremko.

Huyu amechagua kazi gani? Akienda benki anaulizwa dhamana. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Mwaka 2023 serikali ikaisimamisha, tukaambiwa tusubiri utaratibu mpya, hadi 2024. Tumbo halijui kusubiri. Mashine za kubeti ziliendelea kufanya kazi.

Simtetei. Kubeti kunammaliza, na nimemwambia usoni. Ila mtu huchagua katika vile vilivyo mbele yake.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwenzako akianza kuwa kimya, mtafute, kaa naye, usimcheke. Halafu baraza la madiwani likikaa, nenda. Vikao vile ni vya wazi. Kamuulize diwani wako: asilimia 4 yetu amepewa nani?

Usiende peke yako. Mimi nitaenda na huyo rafiki yangu.