Pazia na Heshima ya Nyumba

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango." Uzuri wa nyumba hujulikana na yule aingiaye ndani, na mojawapo ya mambo ayaonayo kwanza ni pazia. Watu wengi hulidhania kuwa ni pambo la wenye fedha tu. Lakini katika nchi ya Abagusii, yaani Kisii na Nyamira, pazia lina kazi kubwa kupita urembo.

Hapo zamani boma la Mgusii halikuwa na haja ya pazia. Kijana aliyekwisha kutahiriwa hakulala tena katika nyumba ya mama yake, bali alihamia esaiga, yaani nyumba ya vijana wa kiume. Hivyo ndivyo ilivyotunzwa chinsoni, ile staha iliyopo baina ya wazazi na watoto wao waliokomaa. Siku hizi mashamba yamegawanywa hata yamekuwa madogo mno, na jamaa wengi wamepanga chumba kimoja mjini. Wazazi, watoto na vyombo vyote wamo chini ya bati moja. Basi kitambaa kilichotundikwa kati ya kitanda na viti ndicho kifanyacho kazi iliyofanywa zamani na nyumba mbili.

Kwa sababu hiyo, fedha zikiwa chache, pazia la kugawa chumba litangulie, na lile la dirishani lifuate. Liwe la kitambaa kizito, kwa maana kitambaa chepesi, taa ikiwaka upande wa pili, huonyesha kivuli cha mtu anayebadili nguo. Litundikwe juu karibu na dari, lishuke mpaka chini, lakini lisiguse sakafu. Mvua ya alasiri huleta udongo mwekundu ndani pamoja na viatu, na pindo likishika udongo huo halitakati upesi. Mistari ya kusimama hufanya chumba chenye dari fupi kionekane kirefu, bali maua makubwa hukifanya chumba kidogo kionekane kimesongwa.

Kuhusu dirisha, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya upana wa dirisha ili kupata mikunjo mizuri. Dirisha la mita 1 lahitaji kitambaa cha mita 2. Fimbo ya pazia izidi dirisha kwa sentimita 15 hivi kila upande, ili mchana pazia lisogezwe kabisa na mtoto apate nuru ya kusomea. Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Pazia lililotiwa bitana hupunguza baridi hiyo, na melimeli nyeupe yatosha kwa mchana. Asiyeweza kununua kitambaa kipya atafute mapazia ya mitumba katika soko la Daraja Mbili, kisha fundi wa cherehani ayakate kwa kipimo. Ni sharti apime dirisha kabla ya kutoka nyumbani.

Liko jambo moja la hatari. Usiku wa baridi baadhi ya watu huingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga dirisha na kushusha pazia. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo imeua watu wengi usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, na taa ya mafuta isiwekwe kamwe karibu na kitambaa.

Pazia safi lililoshonwa kwa kipimo, hata likiwa la bei ndogo, huwapa wazazi faragha na watoto staha, na mgeni hukaribishwa ndani bila ya mwenyeji kuona haya.