Mioyo Mitatu ya Pweza, Sumu Moja ya Kasa

Hivi kuna mtu bado hajui kwamba pweza ana mioyo mitatu? Mimi peke yangu nimeliandika jambo hilo mara nne, kila mara nikianza na "Je, wajua?", na kila mara limepata wasomaji kuliko habari nzito za wiki hiyo. Ndiyo kazi iliyonilisha kwa miaka kadhaa, ukurasa wa sayansi na teknolojia. Nusu maajabu, nusu simu mpya.

Februari 2, 2024, Apple ilianza kuuza miwani yake ya Vision Pro huko Marekani kwa dola 3,499. Niliichambua kwa mbwembwe zote, lenzi zake, kamera zake, betri yake inayoning'inia kwa waya. Sikuwahi kuigusa, na sidhani kama kuna msomaji wangu aliyeigusa.

Mwezi mmoja baadaye, Machi 5, watu wa Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, Pemba, walikula nyama ya kasa. Walikufa 9. Watoto walikuwa 8, na mtu mzima mmoja, mama wa mmoja wa watoto hao. Wengine 78 walilazwa hospitali.

Mimi ni mzaliwa wa Mkoani. Na kasa nimemla. Nilikuwa na miaka saba au minane, bibi akanipakulia kwenye kisahani, nikala, nikaomba tena. Sikuumwa hata tumbo. Mpaka habari za Panza zinanifikia, mimi mwenye shahada, mwandishi wa sayansi, sikujua kwa nini kisahani kile hakikuniua.

Na si kwamba sikuwa nimeonywa. Novemba 2021 walikufa watu 7 Pemba kwa sababu hiyo hiyo, mmoja wao mtoto wa miaka 3. Tuliandika aya tano, tukaweka picha ya kasa anaogelea, basi. Wiki iliyofuata tukarudi kwenye simu.

Sasa nasikia mtu anasema, jamani, mnajilaumu bure, serikali ilishatangaza watu wasile kasa, na kasa ni mnyama anayelindwa kisheria. Watu ni wakaidi tu. Neno hilo "wakaidi" ndilo ninalotaka kugombana nalo.

Mkalishe kitako mzee yeyote wa pwani umwambie, "Kasa ana sumu." Atakutazama. Amekula kasa miaka sitini. Baba yake alikula, na babu yake. Anachokijua kwa ulimi wake kinapingana na unachomwambia. Ungekuwa wewe ungemwamini nani? Mzee huyo si mkaidi. Ana ushahidi, na wewe umemletea tangazo.

Ukweli wenyewe ni kwamba mzee hakosei, na tangazo pia halikosei. Wataalamu wameipa hali hii jina refu lenye asili ya Kigiriki, kelonitoksizimu. Si kila kasa ana sumu. Sumu haitengenezwi na kasa mwenyewe. Inadhaniwa anaipata kwenye chakula chake, hasa mwani wenye sumu, ikajikusanya mwilini. Huyu wa leo hana, yule wa kesho anayo, na wote wawili wanafanana kwa rangi, kwa harufu na kwa ladha. Ukimchemsha, ukimkaanga, ukimkausha, sumu haitoki. Dawa ya kuiua haijapatikana. Hospitali wanakutibu dalili tu. Watoto ndio wanaozidiwa haraka, na kuna wachanga waliodhurika kwa kunyonya maziwa ya mama aliyekula.

Tangazo linamtaka mzee akanushe maisha yake. Maelezo haya yanamwambia: uliyoyaona ni kweli, ulikuwa na bahati, na bahati hiyo huwezi kumrithisha mjukuu. Hiyo ni kazi ya maneno, ndugu zangu. Ndiyo maana naleta ugomvi huu hapa, kwa watu wa vitabu, sikupeleka kwa madaktari. Madaktari walishaandika yao, kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hayafiki Chokocho, seuze kuvuka maji kwenda Panza.

Angalieni pia tulichomfanya Erasto Mpemba. Kila ukurasa wa maajabu unaye: mwanafunzi wa Kitanzania aliyegundua kwamba maji ya moto yanaweza kuganda kabla ya ya baridi. Tunajivuna, tunapita. Lakini mwaka 1963, akiwa Magamba Sekondari, kijana yule alisema tu alichokiona alipokuwa akitengeneza aiskrimu, na mwalimu akamwambia kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea; baadaye, huko Mkwawa, mwalimu mwingine akamkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Alipouliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, mbele ya Dokta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanafizikia wanabishana juu yake.

Sisi tumechukua ajabu, tukaacha funzo. Funzo ni kwamba mtu akikwambia kitu kinachopingana na kitabu chako, usimcheke, kajaribu. Mzee wa pwani anaposema "mbona mimi nimekula sikufa," anauliza swali la sayansi, tena zuri. Sisi tunamjibu kama mwalimu wa Magamba.

Sina chuki na vifaa. Simu ninayoandikia hii nimeinunua kwa mkopo na naipenda. Lakini tumezoea kupima simu kwa kamera na betri, hatuulizi hata siku moja inambebea nini mvuvi kwa Kiswahili. Tumemjazia michezo ya kubahatisha, na vipande vya "Je, wajua" vya kumshangaza dakika moja. Jambo moja la sayansi lililokuwa linamhusu yeye na wanawe, hatukumwandikia.

Haya, na mimi nimalizie kwa mtindo wangu wa zamani. Je, wajua? Kasa uliyemla ukapona hathibitishi chochote kuhusu kasa wa kesho. Moto hauondoi sumu yake. Ikiwa mtu amekula, kisha akaanza kutapika, koo likamuuma au akalemewa na usingizi, hata kama siku zimepita, mpelekeni hospitali pamoja na wote waliokula naye, watoto kwanza.

Isomeni kwa sauti, irekodini, mumtumie mtu wa pwani mnayemjua. Nilipaswa kuiandika Novemba 2021.