Bima ya kupatia viza hailindi mtaji

WAFANYABIASHARA wanaosafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou, Dubai na Istanbul kufuata bidhaa hupiga hesabu za safari kwa makini. Nauli, hoteli, viza, gharama za kusafirisha mzigo na ushuru wa forodha huandikwa mapema, na bei ya kuuzia Kariakoo hupangwa kabla ndege haijaruka. Kinachokosekana mara nyingi katika hesabu hizo ni bima ya safari. Wengi huikata pale tu ubalozi unapoidai, hutafuta iliyo rahisi kuliko zote, kisha huiweka pamoja na tiketi bila ya kuisoma.

Huo si ununuzi wa mfanyabiashara. Mtu ambaye hakubali kulipia katoni ya viatu kabla ya kuifungua na kuhesabu jozi zilizomo, hulipia hati ya bima bila kujua ndani yake mna nini. Matokeo yake ni kwamba bima aliyonayo humlinda ofisa wa viza asimkatalie, lakini haimlindi yeye wala mtaji wake.

Bima ya nani?

Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen, kwa kanuni zao za viza za mwaka 2009, zinamtaka mwombaji awe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, inayolipia pia kurudishwa nyumbani kwa mgonjwa au maiti. Zanzibar nayo, tangu Oktoba 1, 2024, inawataka wageni kutoka nje ya nchi kukata bima ya dola 44 za Marekani kupitia Shirika la Bima la Zanzibar.

Masharti ya namna hiyo ni halali, na yana faida kwa msafiri. Lakini lengo la kwanza la serikali yoyote inayoyaweka ni kwamba hospitali zake zisibaki na deni la mgeni. Serikali hiyo haina habari na mzigo wa mgeni, fedha zake za biashara, wala tiketi yake iliyopotea. Kwa hiyo, bima inayotosheleza viza ni kiwango cha chini tu, na mfanyabiashara anayeishia hapo amenunua mahitaji ya mwingine.

Aidha, ipo hitilafu ya mipaka. Bima iliyoandikwa kuwa ni ya nchi za Schengen haimsaidii mtu anayeshuka Istanbul siku nne kutafuta nguo, kwa kuwa Uturuki haimo katika Schengen. Msafiri anayepitia nchi tatu ahakikishe kwamba zote tatu zimo katika hati yake, zikiwamo zile anazolala usiku mmoja akisubiri ndege.

Hospitali kwanza

Hasara kubwa kuliko zote katika safari ya biashara ni maradhi ya ghafla au ajali. Begi likipotea, hasara yake ina mwisho. Gharama za chumba cha wagonjwa mahututi katika nchi ya kigeni huongezeka kila siku, na kumsafirisha mgonjwa aliyelala kitandani kwa ndege, akiwa na muuguzi, hugharimu mara nyingi zaidi ya nauli ya kawaida.

Chukua mfano wa mwanamke mwenye duka la nguo anayekwenda Guangzhou na dola 8,000, nusu yake ikiwa ni mkopo wa kikundi. Akivunjika mguu siku ya pili, hospitali inaweza kumtaka aweke fedha kabla ya kutibiwa. Zile dola 8,000 ndizo zitakazotumika. Atarudi nyumbani na magongo, bila mzigo, na marejesho ya kikundi yakimsubiri. Akifariki huko, kinachofuata kinajulikana kwa kila mtu Kariakoo: daftari la mchango linapita dukani kwa duka, ili maiti irudishwe. Kuchangiana ni utu, lakini mchango haupaswi kuwa ndiyo bima ya biashara nzima.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la kumwuliza wakala wa bima si bei. Ni hili: je, kampuni inailipa hospitali moja kwa moja, au mgonjwa alipe mwenyewe kisha arudi na risiti kudai? Bima ya aina ya pili humfaa mwenye akiba kubwa benki. Kwa mfanyabiashara mdogo aliyebeba mtaji wake wote mfukoni, ni ya kwanza ndiyo yenye maana. Hati iwe na namba ya simu ya dharura inayopokelewa saa 24, na namba hiyo aachiwe pia mtu wa nyumbani. Mara nyingi mkataba hudai kwamba kampuni iarifiwe kabla ya mgonjwa kulazwa, au mara tu baada ya hapo, na anayechelewa anaweza kukosa fidia.

Swali la pili ni kuhusu maradhi ambayo msafiri anayo tayari, kama vile kisukari na shinikizo la damu. Bima nyingi haziyalipii, au huyalipia kwa kiwango kidogo. Kuyaficha wakati wa kujaza fomu hakusaidii kitu, kwa kuwa kampuni itaomba taarifa za daktari wakati wa madai, na hapo mkataba wote unaweza kubatilishwa.

Mzigo si begi

Kosa la pili ni kudhani kwamba kifungu cha mizigo katika bima ya safari kinahusu bidhaa. Kwa kawaida kifungu hicho kinahusu vitu binafsi vya msafiri: nguo, viatu, begi lenyewe. Bidhaa za kuuza na sampuli mara nyingi huondolewa kabisa, na fedha taslimu hulipiwa kwa kiasi kidogo au zisilipiwe. Anayerudi na mabegi manne ya simu na vipodozi asihesabu kwamba bima ya safari itamrudishia thamani yake.

Shirika la ndege nalo lina wajibu wake, lakini wenye mpaka. Kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania, China na Umoja wa Falme za Kiarabu ni wanachama wake, fidia ya juu kwa mizigo ya abiria mmoja, tangu Desemba 28, 2024, ni vizio 1,519 vya Shirika la Fedha la Kimataifa vijulikanavyo kama SDR. Hizo ni zaidi kidogo ya dola 2,000. Abiria anayetaka kiwango kikubwa zaidi lazima atangaze thamani ya mzigo anapoukabidhi uwanjani, na alipe nyongeza ikitakiwa. Mzigo ukiharibika, malalamiko yaandikwe katika siku 7. Ukichelewa, ni siku 21 tangu ulipopokewa.

Kwa shehena inayotumwa kwa ndege bila abiria, kiwango ni vizio 26 kwa kilo. Kilo 100 ni vizio 2,600, takriban dola 3,500. Kwa viatu vya plastiki kiasi hicho huenda kikatosha. Kwa simu za mkononi za uzito huohuo hakifiki hata karibu. Dawa yake ni bima ya shehena, inayokatwa kwa thamani halisi ya bidhaa, iwe zimekwenda kwa ndege au kwa meli. Hiyo ni hati nyingine kabisa, na mfanyabiashara makini anazo zote mbili.

Maradhi, mafuriko na vita

Miaka ya karibuni imetoa mafunzo matatu. Machi 28, 2020, China iliwafungia mipaka wageni walio wengi kwa sababu ya korona, na watu wengi duniani waliokuwa wamelipia safari waligundua kwamba mikataba yao haikulipia magonjwa ya mlipuko. Aprili 16, 2024, mvua kubwa ziliifurika Dubai, na ndege zaidi ya 1,000 zikafutwa katika siku mbili. Juni 23, 2025, Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa wakati wa mapambano ya Iran na Israel, na safari za Ghuba zikavurugika.

Matukio haya yanafanana machoni pa msafiri aliyekwama, lakini hayafanani katika bima. Mvua ni hali ya hewa, na bima yenye kifungu cha ucheleweshaji huweza kulipia hoteli na chakula baada ya saa zilizotajwa. Vita huondolewa katika hati nyingi. Tena, jambo lililokwisha kutangazwa kwenye habari kabla ya bima kukatwa huhesabiwa kuwa linajulikana, na halilipiwi. Ndiyo maana ni vema kukata bima siku ileile ya kununua tiketi, si kwenye foleni ya uwanja wa ndege.

Bei na uaminifu

Wapo wanaosema kwamba kampuni za bima ni hodari wa kupokea na wazito wa kulipa. Malalamiko hayo hayawezi kupuuzwa. Tangu mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua soko, Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake, na mteja hakuwa na pa kukimbilia. Leo kampuni ni nyingi, lakini hati za bima za safari bado huandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, na wakala hueleza yanayolipiwa kuliko yasiyolipiwa. Kampuni itakayoweka muhtasari wa ukurasa mmoja wa Kiswahili, ukitaja wazi yasiyolipiwa na kiasi ambacho mteja hujilipia mwenyewe kwanza, itapata wateja Kariakoo bila matangazo.

Hadi hapo, mteja ajilinde. Anunue kwa kampuni au wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na akinyimwa haki yake apeleke malalamiko huko au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Anayesafiri mara nne au tano kwa mwaka aulize bei ya bima ya mwaka mzima, ila aangalie idadi ya siku inazoruhusu kwa kila safari.

Kuhusu gharama, hesabu ni fupi. Bima ikigharimu, kwa mfano, dola 60, na mzigo ni jozi 1,200 za viatu, kila jozi inabeba senti 5 za dola. Hakuna mteja atakayehama duka kwa sababu ya senti hizo. Mfanyabiashara anayeziona ni nyingi alinganishe na dola 8,000 zilizoishia kwenye dirisha la malipo la hospitali.