Upasuaji wa Mgongo Uzeeni: Tusichangie Kisu Pekee

Mwezi uliopita kundi letu la familia la WhatsApp liligeuka baraza. Shangazi yangu, mwenye miaka 64, mgongo wake umepinda upande tangu usichanani. Sasa daktari amemwambia anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuunyoosha. Binamu aliye Muscat akasema apelekwe India haraka. Ami mkubwa akasema kwa umri ule aachiwe Mola wake. Mweka hazina akateuliwa, nambari ya mchango ikatumwa. Ambaye hakuulizwa ni shangazi mwenyewe.

Najua kisa hiki si cha nyumba yetu peke yake. Wazee wetu wengi wameishi na migongo iliyopinda wakiambiwa ni umri tu, au wakiitwa vibiongo barazani. Leo upasuaji huu wafanyika hata hapa nchini, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua mahali pa NHIF. Uamuzi ambao zamani haukuwako sasa uko mlangoni, nasi twaufanya kwa pupa.

Madaktari huuita ugonjwa huu skoliosisi, mgongo unapopinda upande kwa digrii 10 au zaidi kwenye eksirei. Wengi hawahitaji kisu. Lakini mpindo uliopita digrii 50 mtu akishakomaa huzidi polepole, mara nyingi kwa kiasi cha digrii 1 kila mwaka. Wengine huanza kupinda baada ya miaka 50, pingili zinapochakaa. Linalowapeleka hospitali huwa ni maumivu, miguu kufa ganzi, na kushindwa kusimama hata muda wa kukaanga sinia moja ya mahamri.

Katika upasuaji mkubwa, daktari hufunga pingili kwa skrubu na vyuma virefu ili ziungane ziwe mfupa mmoja. Faida ipo. Utafiti uliochapishwa 2019 huko Marekani, kuhusu watu wazima waliopinda kiunoni, ulionyesha kwamba kwa jumla waliopasuliwa walipata nafuu kubwa zaidi baada ya miaka 2, na wasiopasuliwa walibaki karibu vile vile. Hatari nayo ipo. Katika utafiti mwingine wa upasuaji mgumu wa aina hii, zaidi ya mtu 1 kati ya 5 alitoka hospitali nguvu za miguu zimepungua, ingawa baadhi yao walirudi sawa baadaye. Si wachache wanaorudishwa kupasuliwa tena. Mifupa dhaifu na sigara huzidisha hatari hiyo, kwa kuwa mfupa hukataa kushika.

Kuna jingine ambalo huwa halisemwi mapema. Mgongo uliofungwa hadi kiunoni haukunjiki tena kama zamani. Kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, kuchuchumaa chooni, kujitoharisha, kusujudu, yote hubadilika. Dini yetu ni nyepesi: sahaba Imran bin Husayn, aliyekuwa na bawasiri, aliambiwa na Mtume (SAW) asali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Ruhusa hiyo ipo. Lakini mama aliyeweka paji la uso kwenye msala kwa miaka hamsini ana haki ya kuambiwa kabla ya kupasuliwa, asije akagundua baadaye.

Sasa pesa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya SHA. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Bima hulipa upasuaji kwa viwango vilivyowekwa, na kinachozidi hapo ni cha familia. Basi kabla ya kutuma senti, tuitake hospitali iandike: bima italipa ngapi, sisi ngapi, na vyuma vimo ndani ya hesabu hiyo au la?

Kisha tuhesabu mwaka unaofuata. Nani atamwogesha? Atapandaje ngazi za nyumba zetu za Mji wa Kale? Nauli ya tuktuk ya kwenda mazoezi ya viungo itatoka wapi? Na akipasuliwa India, chuma kikivunjika baada ya miaka 2, ni nani hapa atakayemshughulikia? Michango yetu hujaa wiki ya upasuaji, halafu mgonjwa akirudi nyumbani kundi huwa kimya.

Hapa kaunti zetu sita nazo zina deni. Katiba ya 2010 ilizikabidhi huduma za afya. Mzee wa Faza au wa Vanga hafai kusafiri hadi Mombasa kila wiki kwa mazoezi ya nusu saa. Tukutanapo na wawakilishi wetu wa wadi tusiulize barabara pekee, tuulize pia wataalamu wa mazoezi ya viungo wako wapi.

Mwishowe tulimwita shangazi tukamuuliza anataka nini. Akasema: "Mimi sitaki mgongo wa kisichana. Nataka niende Marikiti nirudi bila kuketi njiani mara tatu." Jawabu hilo lilitusaidia kuliko jumbe zote za kundi. Ameamua kupima uimara wa mifupa kwanza, afanye mazoezi miezi 6, kisha amwone daktari wa pili. Atamuuliza pia kama upasuaji mdogo, wa kulegeza neva zilizobanwa tu, wamfaa au utauzidishia mgongo kupinda.

Huenda akapasuliwa, huenda asipasuliwe. Mchango tumeuacha wazi, ila tumekubaliana kwamba nusu yake haitaguswa hadi siku atakayorudi nyumbani.